Mikorosho ya Utepe Mweupe

Nachingwea,
6 Mei 2024

Mjomba wangu Abdulkarimu,

Shikamoo. Nimeshika kalamu kwa sababu kila neno linalopita kwenye simu ya mkweo Hajra linafika kisimani kabla halijakufikia wewe, na wewe ukipigiwa kelele sikioni unakasirika siku nzima. Barua hii ataileta Halfani, dereva wa gari la chuo chetu cha kilimo. Atakuwa anakuja Chinongwe kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo majibu mpe yeye. Atakusubiri umalize kuandika, ni mtu mvumilivu.

Habari yenyewe ni hii. Chuo kimekubali shamba lako liwe shamba darasa. Mashamba ni matatu tu: la Ruponda, la Marambo, na lako. Dkt. Eva, mkuu wetu, alitaka kwa upande wa Ruangwa, huko kwenu, achukue shamba la mtu mwingine. Nikamwambia ninaye mjomba aliyepulizia mikorosho miaka thelathini, aliyekuwa karani wa ghala la chama cha msingi, na ambaye akiambiwa jambo analifuata mpaka mwisho. Nimekudhamini, Mjomba.

Kazi ni mikorosho arobaini. Yote itapogolewa na machipukizi ya chini yataondolewa, maana ugonjwa wa ubwiriunga hujificha humo kabla haujapanda kwenye maua. Ishirini itafungwa utepe mwekundu, hiyo utaipulizia salfa kama kawaida yako. Ishirini itafungwa utepe mweupe. Hiyo usiipulizie kabisa mpaka msimu uishe. Chuo kinataka kujua kama kupogoa peke yake kunatosha. Ikionekana kunatosha, wakulima watapumzika na gharama na taabu ya salfa.

Mimi sitafika shambani kwako. Kanuni ni kwamba mtu hakagui shamba la ndugu yake, kwa hiyo atakuja mwenzangu Nicholaus, na mimi nitabaki na Ruponda na Marambo. Mkataba wangu unaisha Desemba, na wataangalia kazi ya msimu huu. Nakuomba sana uniangalizie.

Mpwa wako,
Samia


Chinongwe,
21 Mei 2024

Samia,

Marahaba. Huyo Halfani wako hana uvumilivu wowote, ana njaa. Amekula ugali na kisamvu cha Hajra sahani mbili wakati mimi natafuta miwani.

Nicholaus amekuja, kijana mpole, amenipigia kelele kwa adabu. Amefunga tepe zake kwa kufuata karatasi, na mti wa mama yako umeangukia kwenye weupe. Unaujua, ule wa tatu kutoka njiani, alioupanda marehemu dada yangu kabla wewe hujazaliwa. Nilimwomba aubadilishe, auweke mwekundu, mweupe achukue mwingine wowote. Akasema haiwezekani kwa sababu mistari ya miti imepigiwa kura. Nikamuuliza mkorosho umeanza lini kupiga kura. Akacheka lakini utepe hakuutoa.

Nimekubali, kwa hiyo nitafuata. Lakini ujue unachoniomba. Mtu mwenye pampu na salfa ghalani akiacha miti yake iugue, hapa kwetu watu hawamwiti mwanafunzi wa chuo. Wanamwita mvivu, na wanasema anawaletea wenzake ugonjwa. Jirani yangu Safina, yule mjane mwenye miti thelathini ng'ambo ya njia, hana kalenda nyingine zaidi ya pampu yangu. Akiisikia inanguruma alfajiri ndiyo anajua siku ya kupulizia imefika, anabeba yake. Pampu hiyo hiyo iliyoyala masikio yangu ndiyo inayowaamsha wengine.

Sasa nijibu swali moja. Hiyo mistari ya utepe mweupe ikiugua, wewe utaonekana vipi mbele ya mkuu wako? Nataka jibu lililoandikwa.

Mimi mjomba wako,
Abdulkarimu


Nachingwea,
3 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe, naandika nimesimama. Gari linaondoka sasa hivi kwenda Marambo na Halfani ameshawasha injini.

Mambo ni mengi na siyapendi. Ruponda kuna mzee mmoja, Masoudi, ametishia kukata tepe zetu zote, anasema chuo kimekuja kumfanyia majaribio kama panya. Nimekaa naye barazani kwake tangu asubuhi mpaka adhuhuri kumwelewesha. Dkt. Eva kila siku anauliza mashamba yanaendeleaje, na watu wawili waliokuwa nami kwenye mpango huu mwaka jana hawapo tena, mikataba yao haikuongezwa. Nikilala naota tepe.

Uliniuliza kuhusu mistari myeupe. Usijipe wasiwasi, Mjomba. Hapo ndipo macho ya watu wote yalipo, wewe niombee tu ifanye vizuri. Mengine tutaongea nikija Idi.

Samia


Chinongwe,
18 Juni 2024

Mpwa wangu,

Idi imepita na hukuja. Hajra alikuwekea pilau mpaka ikachacha, na mimi ndiye niliyesemwa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Sasa nimekuelewa vizuri, na usiote tepe tena. Lala. Mistari yako iko salama mikononi mwangu, na mimi sijawahi kumwangusha mtu wa dada yangu. Ulipokuwa kidato cha pili na shule ikakurudisha nyumbani, uliniuliza nimefanya nini mpaka wakakupokea tena? Hukuuliza. Ulirudi darasani ukasoma. Basi na sasa fanya hivyo hivyo.

Miti myekundu nimeipulizia mara ya kwanza kwa pampu, kama mlivyosema. Ile mingine, pampu haikuikaribia. Hilo naweza kuapa mbele ya yeyote. Nicholaus ameangalia, ameandika, ameridhika.

Mwambie Hajra, maana mimi hanisikilizi, aache kuulizia kile chandarua kibovu kilichokuwa juu ya dari. Nimekichukua mimi kwa shughuli zangu.

Abdulkarimu


Nachingwea,
15 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo nimekaa, nina muda.

Ruponda mistari myeupe imekwisha. Maua yalianza kufunikwa na unga kama majivu, ndani ya wiki mbili yakakauka yakawa meusi. Marambo vivyo hivyo. Nilikuwa nimeshaandika kwenye taarifa kwamba kupogoa peke yake hakutoshi, wakulima waendelee na salfa. Ndipo Nicholaus akarudi na picha za shamba lako. Miti ishirini ya utepe mweupe inachanua kama ile ya utepe mwekundu. Mti wa mama nimeutambua kwa lile tawi lililoinama, umejaa maua mpaka chini.

Dkt. Eva ameziangalia zile picha nusu saa nzima. Anasema labda udongo wa Chinongwe una jambo, labda ni namna ulivyopogoa wewe. Anataka siku ya wakulima ifanyike shambani kwako tarehe kumi Agosti, waje watu wa vijiji vyote vya jirani waone kwa macho. Ameanza kuandaa vipeperushi vya kueleza kwamba kwa upande wa Ruangwa mkulima anayepogoa vizuri anaweza kuacha salfa. Mbele ya wote ofisini alinishika bega akasema nilichagua mkulima sahihi.

Ningefurahi, Mjomba. Nataka kufurahi. Lakini Nicholaus aliniambia pembeni kwamba kwenye majani ya miti myeupe aliona unga wa njano. Alikuuliza, ukamwambia ni upepo. Ni upepo kweli?

Samia


Chinongwe,
16 Julai 2024

Samia,

Halfani ananisubiri nje, amekalia kinu cha Hajra bila aibu.

Ni upepo. Mistari imepakana, na salfa haina macho ya kuchagua utepe. Nilimwambia Nicholaus hivyo na nakuambia wewe hivyo. Kama mkuu wako amefurahi, na wewe furahi. Mtu hapewi sifa halafu anaigeuzageuza kutafuta tundu.

Kuna jambo moja dogo. Safina amesimamisha pampu yake. Alipulizia mara moja tu, mwezi uliopita. Siku moja nilimwona amesimama njiani akiitazama miti yangu, akapita zake. Hajra anasema amemwambia kisimani kwamba Mzee Abdulkarimu anapulizia nusu ya shamba lake tu, pampu inanguruma kidogo halafu inanyamaza, na miti yote inachanua. Kwa hiyo na yeye ameamua kupumzika. Salfa iliyobaki amempa kaka yake Mtawanya.

Mwambieni aendelee. Nyinyi watu wa chuo mwambieni. Mimi akinisikia nasema hivyo ataona namwonea wivu.

Abdulkarimu


Nachingwea,
18 Julai 2024

Mjomba,

Barua hii nimempa mwendesha bodaboda aje nayo moja kwa moja mpaka mlangoni kwako. Siwezi kusubiri wiki mbili za Halfani.

Nakuuliza mara moja tu, na naomba unijibu kama nilivyokuwa nikikujibu wewe nilipokuwa mdogo, ukinisimamisha mbele yako na kusema niangalie usoni. Uliipulizia ile miti?

Kabla hujakasirika, sikiliza kosa langu. Uliniuliza Mei mistari myeupe ikiugua nitaonekana vipi, na mimi sikukujibu. Niliandika nimesimama, nikakuambia uniombee ifanye vizuri. Nilisema kijinga. Mistari myeupe haikuwa mtihani wangu. Ikiugua au isiugue, mimi nilitakiwa kuandika kilichotokea, basi. Kazi yake ilikuwa kutuambia ukweli, na ukweli ungeweza kuwa mbaya, na mimi nisingepata lawama hata kidogo. Nilipaswa kukuandikia hivyo wakati ule. Kama wewe ungeniuliza mara ya pili ningekueleza, lakini wewe huulizi mara ya pili, unakwenda kutenda.

Sasa dada Safina ameacha kupulizia kwa sababu ya miti yako. Tarehe kumi watakuja watu zaidi ya mia mbili, wataangalia miti hiyo hiyo, watapewa karatasi, watarudi kwao. Mwakani wangapi wataacha? Nikifumba macho naiona Ruangwa nzima nyeusi, na jina langu kwenye ile karatasi.

Ningekuja mwenyewe, lakini nikionekana shambani kwako wiki hizi watasema nimekuja kukufundisha la kusema. Naogopa, Mjomba. Niandikie.

Samia


Chinongwe,
26 Julai 2024

Wifi Samia, mambo vipi.

Ni mimi Hajra. Natuma hii kwa boda kwa sababu baba amenikataza kukupigia simu, na kuandika hakunikataza maana hadhani kama najua.

Huku kwetu sielewi kinachoendelea. Tangu ile barua yako ya bodaboda ifike baba ameuchuna kabisa. Chakula anagusa tu. Seleman amemwandikia kwenye daftari, baba unaumwa wapi, akalisukuma daftari. Kwa kweli mume wangu amechanganyikiwa, na mimi pia.

Halafu kuna hili. Ijumaa iliyopita nilikuwa nasafisha banda la kuku nikakikuta kile chandarua nilichokuwa natafuta. Kimeshonwa kama mfuko, kimefungwa kwenye ufito mrefu, na kimejaa unga wa njano. Mwanzo nilishtuka nikadhani ni mambo ya kienyeji, nikamwita Seleman. Akanusa akasema ni salfa. Anasema zamani kabla ya pampu watu walikuwa wanakung'uta salfa juu ya maua namna hiyo, kimya kimya. Tulimwonyesha baba. Alikitazama, akakaa chini pale pale bandani, wifi, kwenye mavi ya kuku, na kanzu yake ya Ijumaa.

Kuanzia kesho yake kila baada ya sala ya alfajiri anabeba pampu anakwenda kwa Safina. Anapulizia michache kila siku mpaka yote thelathini iishe, peke yake, kwa salfa yake mwenyewe, halafu anarudi bila kuingia hata ndani kuwasalimu. Safina anamshangaa, anasema mzee ana roho nzuri. Lakini mimi nimeiona ile miti. Imeshaanza kuwa myeusi, kwa macho yangu ni kama nusu.

Kama unajua kitu, tuambie. Nyumba imekuwa nzito.

Hajra


Chinongwe,
30 Julai 2024

Samia, mtoto wa dada yangu,

Ndiyo. Nilifanya.

Sikutumia pampu kwa sababu pampu ina kelele, na mimi mwenyewe siwezi tena kupima kelele zake. Nilishona chandarua, nikatia salfa, nikakung'uta baada ya alfajiri, mti mmoja baada ya mwingine, ishirini, mara tatu. Kwa umri huu mikono ilikuwa inawaka moto mpaka siwezi kushika kikombe. Nilijiona hodari. Nilijiambia Samia amesema macho ya watu wote yako kwenye mistari myeupe na anaomba ifanye vizuri, basi itafanya vizuri. Nilikuwa nakupasisha mtihani.

Na nikuambie na lile lingine, maana nimeamua kusema yote. Hata kama ungenijibu vizuri, sijui kama ningeuacha mti wa mama yako. Siku ya kwanza nilikwenda kwa ajili ya mti huo mmoja tu. Nilipomaliza nikaona aibu kuukung'utia mmoja na kuiacha kumi na tisa inatazama. Ndivyo nilivyoendelea.

Unajua kinachoniuma. Nilikinyamazisha kile kilichokuwa kinamwamsha Safina. Miaka yote anafuata pampu yangu na hajawahi kupotea, na mwaka niliomdanganya ndio mwaka aliofuata vizuri zaidi. Nimempulizia sasa mara mbili, lakini maua yaliyokwisha kuwa meusi hayarudi. Anapika uji ananiita ninywe. Sijaweza kuingia.

Nina ombi. Usimwambie mkuu wako. Niachie mimi, siku ile ile, mbele ya watu. Nilidanganya nikiwa peke yangu, nataka kusahihisha wakiwepo wote, pamoja na Safina. Ukisema wewe kwanza, watafuta ile siku, watu hawatakuja, na habari ya miti yangu imeshafika vijijini bila miguu.

Mwaka huu nilikuwa nataka nikusaidie kitu kimoja tu.

Abdulkarimu


Nachingwea,
12 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Juzi ulitaka kujua watu walisema nini uliposimama, nami sikuweza kukupigia kelele mambo yale mbele ya Hajra na majirani. Nakuandikia kila kitu.

Wakati unanyanyuka, Dkt. Eva alikuwa katikati ya kuisifu miti yako. Hukumsikia, kwa hiyo ulimkatiza bila kujua, na yeye kwa heshima akakuachia. Ulipokiinua kile chandarua juu watu walicheka, walidhani ni mzaha. Ulipofika pale uliposema "hii miti imekula salfa mara tatu, isipokula inakufa kama ya Ruponda," kicheko kilikatika. Nyuma yangu mtu mmoja alisema, basi hata chuo kinadanganywa. Mwingine akamjibu, angalau huyu amesema. Bwana shamba wa kata alikuwa anaandika. Teodosia, yule binti aliyeshika vipeperushi, alikuwa ameshaanza kuvigawa, nikamwona anapita kwa watu kuvidai kimoja kimoja.

Safina alisimama ulipokuwa umeshakaa. Uliona midomo yake tu. Alisema hivi, nimeyashika yote: "Mimi sikudanganywa na chuo. Niliyaamini masikio yangu, nilisikia pampu imenyamaza. Mzee angeniambia njiani neno moja, ningepulizia yangu na kunyamaza naye." Halafu akaondoka. Hakutukana. Ningependa angetukana.

Na mimi nina langu. Siku kumi na mbili nilizunguka na barua yako mkobani, nikikaa meza moja na Dkt. Eva, nikiona vipeperushi vinaletwa vikiwa kwenye maboksi. Nilikuwa nahesabu siku kama mgonjwa. Jioni, tulipofika ofisini, nilimpa barua aisome. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia. Akaniambia, "Mjomba wako alikosea kwa kutoelewa. Wewe ulinyamaza unaelewa." Mkataba hakuutaja, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Sikulaumu. Nilitaka ulijue hilo kabla hujalala.

Samia


Chinongwe,
19 Novemba 2024

Samia,

Korosho zimeanguka. Kwa Safina nusu ya miti haikushika kitu, chini ni majani matupu.

Mavuno yote ya mistari myeupe niliyaanika, nikayatia kwenye magunia, mimi na Seleman tukayavusha njia mpaka uani kwake. Aliyaangalia akaingia ndani. Magunia yalikaa pale nje siku mbili, nikawa naamka kuyachungulia kama mtu aliyefiwa. Siku ya tatu asubuhi hayakuwepo. Jioni yake alimtuma mwanawe Saadi na bakuli la mabibo. Hakuja mwenyewe, lakini bakuli lilikuwa lake, nalijua.

Desemba ni karibu. Nina maneno ya kumwambia huyo Dkt. Eva wako kuhusu wewe, lakini nimejifunza kuuliza kwanza. Niseme au ninyamaze?

Abdulkarimu


Nachingwea,
7 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Ningekuomba unyamaze, lakini Halfani aliumwa malaria na barua yako imenifikia mkataba ukiwa umeshaamuliwa.

Wameniongeza msimu mmoja. Mmoja tu, na Dkt. Eva amesema wazi kwamba ananitazama. Majaribio yote yatarudiwa, kwa sababu ya mwaka jana hayawezi kutumika. Aliniuliza kwa Ruangwa tutafute shamba gani. Nikataja lako tena. Aliniangalia sana. Akasema sawa, lakini safari hii mkulima mwenyewe ndiye atakayehesabu maua yaliyougua kila wiki na kuandika, na Nicholaus atakuja bila taarifa.

Utepe umepigiwa kura upya. Mti wa mama umeangukia kwenye weupe mara ya pili. Naweza kumwambia Dkt. Eva hutaki, na hakuna atakayekulaumu. Safari hii nakujibu kabla hujaniuliza: mti ukiugua, mimi sipungukiwi kitu. Ukipona kwa siri, ndipo napotea.

Samia


Chinongwe,
24 Juni 2025

Samia, mpwa wangu,

Marahaba. Mistari myekundu nimeipulizia jana, mara ya kwanza, kwa pampu. Nilipozima injini niliona wingu la njano linapanda ng'ambo ya njia. Safina alikuwa ameshaanza ya kwake. Siisikii, lakini wingu naliona. Alinipungia mkono, nikampungia.

Chandarua nimempa Hajra amefunikia vifaranga, ili kisiwe karibu yangu.

Nicholaus amekuja mara mbili bila taarifa. Mara zote mbili amenikuta nimekaa kwenye kigoda mbele ya mti wa mama yako, na daftari la ghala nililobaki nalo tangu chama cha msingi. Alidhani naulinda. Nilimwambia najilinda mimi.

Wiki iliyopita ulikuwa mzima. Nilianza kuamini, nikasema labda kweli kupogoa kumetosha, labda dada yangu alipanda mti wa namna yake. Leo asubuhi nimeona unga kwenye maua ya tawi lililoinama. Nimeyahesabu mara tatu. Salfa ipo ghalani, hatua thelathini kutoka hapa nilipokaa. Mikono nimeikalia, Samia, siyo maneno ya kusema, nimeikalia kweli mpaka imekufa ganzi, na machozi yananitoka kama mtoto na hakuna wa kunisikia wala mimi sijisikii.

Mstari mweupe, mti wa tatu, maua kumi na moja. Sijaugusa. Andika hivyo.

Mjomba wako,
Abdulkarimu